Mapunye: Fangasi Wanaokula Nywele na Kucha

Mapunye ni ugonjwa wa ngozi unaoletwa na fangasi waitwao dematofaiti. Wengine huuita choa au mashilingi, maana alama yake ni ya duara kama sarafu. Huwapata binadamu, ng'ombe, paka, mbwa, farasi na sungura.

Chakula cha fangasi hawa ni keratini, protini ngumu inayojenga nywele, kucha, kwato, pembe na tabaka la juu la ngozi ambalo limekwisha kufa. Hutoa vimeng'enya vya kuiyeyusha, kisha huifyonza. Joto la ndani ya mwili na kinga huwazuia kwenda chini zaidi, kwa hiyo mara nyingi huishia juu juu.

Kijimbegu kimoja cha fangasi kikitua kwenye ngozi yenye unyevu, huchipua nyuzi zinazotambaa pande zote kama moto wa nyika. Ukingoni kinga ya mwili inapambana nazo, na hapo ndipo panapowasha na kutoa magamba. Katikati mapambano yamekwisha na ngozi inaanza kupona. Ndiyo maana alama huwa duara. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani sana: ukingo huwa mweusi zaidi, umeinuka kidogo.

Kichwani mapunye huwapata zaidi watoto ambao hawajabalehe. *Trichophyton violaceum*, anayejulikana sana Afrika Mashariki, huingia ndani ya unywele na kuudhoofisha hadi ukatike usawa wa ngozi, na kuacha vidoa vyeusi. *Microsporum canis*, anayetoka kwa paka na mbwa, huuzunguka unywele kwa nje, na chini ya taa ya Wood, yenye mwanga wa urujuanimno, hung'aa kijani. Yule wa kwanza hang'ai, hivyo taa isipoonyesha kitu si ushahidi kwamba mtoto ni mzima.

Fangasi hawa wana makundi matatu: waliozoea watu, waliozoea wanyama na wanaoishi udongoni. *Trichophyton rubrum*, wa kundi la kwanza, hupenda katikati ya vidole vya miguu, kinena na kucha. *Trichophyton verrucosum* ni wa ng'ombe: ndama huota magamba mazito ya kijivu kuzunguka macho, masikioni na shingoni, na mkamuaji huupata ugonjwa mikononi. Ndama wengi hupona wenyewe baada ya miezi michache, lakini vijimbegu huweza kubaki kwenye nguzo za zizi na kamba kwa zaidi ya mwaka. Paka naye anaweza kubeba fangasi bila dalili yoyote.

Fangasi aliyezoea mwenyeji wake humsumbua kidogo na kukaa muda mrefu. Akihamia kwa mgeni, kinga humshambulia kwa nguvu. Mtoto aliyeambukizwa na mnyama anaweza kuvimba kichwa kwa uvimbe laini unaotoa usaha, ambao hudhaniwa kuwa jipu. Uvimbe huo haupasuliwi. Hutibiwa kwa dawa ya kumeza.

Chanzo cha ugonjwa kilijulikana mapema. Mwaka 1841, jijini Paris, daktari David Gruby alieleza fangasi aliowaona katika mapunye ya kichwa, miaka 41 kabla ya Robert Koch kutangaza bakteria wa kifua kikuu.

Kwenye ngozi ya mwili hutosha krimu ya klotrimazoli au mafuta ya Whitfield, yenye asidi ya benzoiki na asidi ya salisiliki. Kichwani na kwenye kucha krimu haifiki walipo fangasi. Griseofulvini, iliyogunduliwa mwaka 1939 na kuanza kutibu watu mwishoni mwa miaka ya 1950, huingia katika keratini mpya inapotengenezwa. Haiwaui fangasi moja kwa moja. Huwazuia wasiendelee hadi unywele wenye ugonjwa usukumwe nje. Kwa hiyo, kwa mapunye ya kichwa, humezwa kwa wiki 6 hadi 8, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta ili ifyonzwe vizuri.

Krimu zenye steroidi hutuliza muwasho kwa kuipumbaza kinga. Fangasi huenea, duara hupoteza ukingo wake, na ugonjwa huwa mgumu kutambulika.

Maambukizi hupitia vitana, kofia, taulo na mashine za kunyolea. Vifaa hivyo visiposafishwa, na paka au ndama mgonjwa asipotibiwa, aliyepona huambukizwa tena.