MTOTO ANA KITI HOTELINI?

Nikitaja hoteli msiwaze jumba la ghorofa lenye vitanda na kidimbwi cha kuogelea. Hoteli ninayoizungumzia ni ile tunayoijua sote hapa Mwala: chumba kando ya soko chenye meza tano au sita, mabenchi, bei zilizoandikwa ubaoni kwa chaki, na sufuria ya chai ambayo haikai mbali na moto tangu alfajiri. Nalo duka ni duka tu, liwe la mabati hapa sokoni au supamaketi ya Machakos mjini. Ninalotaka kulieleza ni hili: mama akiingia mahali kama hapo akiwa na mtoto mgongoni na mwingine amemshika mkono, je, aliyepatengeneza mahali hapo aliwakumbuka hao watoto?

Katika miji ya Ulaya jambo hili limekwisha kuwa sehemu ya biashara. Kampuni ya IKEA ya Uswidi, iliyoanzishwa mwaka wa 1943 na ambayo huuza samani, ina chumba cha michezo katika maduka yake mengi. Mzazi humwacha mtoto humo bila malipo huku yeye akinunua vitu, na mkahawa wenye viti virefu vya watoto umo mle mle dukani. Kule Scotland kuna sheria ya mwaka wa 2005 inayosema kwamba ni kosa kumzuia mtu kumnyonyesha mtoto wa chini ya miaka miwili mahali ambapo watu wote wanaruhusiwa kuingia. Nao Wadenmarki wana desturi ambayo ingewashangaza nyanya zetu. Mama huingia mkahawani kunywa kahawa na kumwacha mtoto nje amelala katika kigari chake, hata wakati wa baridi! Mwaka wa 1997 mama mmoja wa Denmark alifanya hivyo jijini New York, polisi wakamtia mbaroni. Kwao hiyo ni hewa safi, kwa Wamarekani ni kumtelekeza mtoto.

Msidhani lakini kwamba huko ni peponi kwa watoto. Mwaka wa 2018 mkahawa mmoja katika kisiwa cha Rügen, Ujerumani, ulitangaza kwamba watoto wa chini ya miaka 14 wasiingie baada ya saa kumi na moja jioni, ati wanawasumbua wanaotaka kula kwa utulivu. Basi hata penye viti virefu kuna ugomvi kati ya anayelipa ili anyamaziwe na anayelipa ili mtoto wake ale.

Sasa turudi nyumbani. Siku ya soko akina mama huja kutoka pande zote, wengine kwa matatu, wengine kwa boda boda, wengine kwa miguu huku punda akitangulia na magunia. Aliyejifungua juzi hawezi kumwacha mtoto nyumbani, maana mtoto ananyonya. Anauza nyanya au pojo hadi mchana, kisha tumbo linadai haki yake. Hapo ndipo huingia hotelini, na hapo ndipo hesabu ya mwenye hoteli inapogongana na hesabu ya mama.

Hebu tuitazame hesabu hiyo kwa haki, maana wengi wetu hupenda kumlaumu mwenye hoteli bila kuuliza. Tuseme ana meza sita, na kila meza inakaliwa na watu wanne. Kati ya saa sita na saa nane mchana viti vyote 24 vinatakiwa. Mtu wa haraka hula chapati na maharagwe kwa dakika 15, akalipa, akaondoka, kiti kikapata mwingine. Kwa hiyo kiti kimoja kinaweza kulisha watu wanne kwa saa moja. Mama mwenye watoto wawili hukalia viti vitatu, huagiza sahani moja na vijiko vitatu, na hukaa saa nzima kwa sababu mtoto hatafuni kwa haraka. Katika daftari la mwenye hoteli, mama huyo amechukua nafasi ya watu 12 na kulipia mmoja. Kodi ya chumba haingoji, makaa hayangoji, na yule msichana anayeosha vyombo naye anataka mshahara wa siku.

Ndiyo maana mtu husikia, "Mwaitu, kama hamuagizi kingine, wapisheni wengine." Mamangu aliwahi kuambiwa hivyo katika hoteli moja ambayo sitaitaja, wakati mdogo wangu alikuwa bado ananyonya. Alimtoa mtoto titini, akamfunga mgongoni na lesso, tukaenda kukaa chini ya mti karibu na stendi, penye vumbi la matatu. Hakusema neno. Mimi ndiye niliyekasirika.

Hata hivyo hesabu ile ina tundu. Viti vinatakiwa saa mbili tu. Kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tano na nusu, na tena baada ya saa nane, mabenchi huwa matupu na mwenye hoteli husimama mlangoni akiita watu. Isitoshe, mama anayefukuzwa saa saba ndiye huyo huyo aliyemletea nyanya na sukuma wiki asubuhi. Ndiye pia atakayeamua familia ile wapi siku ya kupeleka mtoto shuleni au siku ya harusi ya jamaa. Niliongea na mama mmoja mwenye hoteli hapa sokoni, akanieleza kwamba yeye ametenga meza moja ya ukutani kwa wenye watoto, na saa za msongamano huwaomba wasogee pamoja badala ya kuwatoa. Nilipomuuliza kama anapata hasara alicheka, akasema wateja wake wa kila juma ni wale wale.

Kuna jambo jingine ambalo naliona kuwa zito kuliko kiti, nalo ni karai. Katika hoteli nyingi karai la mandazi au chipsi hukaa mlangoni kabisa, juu ya jiko lililo chini. Si ujinga. Moshi unapata pa kutokea, na harufu inamvuta mpita njia. Lakini hebu chuchumaa uwe kimo cha mtoto wa miaka mitatu, kisha utazame. Ukingo wa karai uko mbele ya kifua chako. Maji huchemka kwa digrii 100 au chini kidogo, lakini mafuta ya kukaangia hufika kama digrii 180, na yakimwagika hushika ngozi wala hayatiririki upesi kama maji. Mtoto wa jirani yetu ana kovu la namna hiyo kutoka kiwiko hadi vidole. Dawa yake si ghali. Jiko huinuliwa juu ya jukwaa la mawe na udongo linalofika kiunoni mwa mtu mzima, na huwekwa upande ambao watu hawapiti. Harufu bado itatoka, msijali.

Kuhusu maji tuseme ukweli, huku kwetu ni kukavu. Maji mengi hununuliwa kwa mtungi na kuletwa na punda, kwa hiyo kila anayenawa anamgharimu mwenye hoteli pesa. Korona ilipoingia nchini Machi 2020 kila hoteli iliweka pipa lenye bomba na sabuni mlangoni. Ugonjwa ulipopungua, mapipa mengine yalibaki pale yakiwa makavu kama jangwa. Na hata yale yenye maji, bomba liko juu, mtoto hafiki. Hapo kibuyu chirizi kingesaidia, yaani mtungi mdogo unaoning'inizwa kwa kamba kwenye vijiti na kuinamishwa kwa kukanyaga kijiti cha chini. Hutumia maji kidogo mno, na ukikining'iniza chini kidogo hata mtoto wa chekechea atanawa mwenyewe. Choo nacho hufungwa kwa kufuli, ufunguo uko kaunta, na kaunta ina foleni. Mtu mzima atangoja. Mtoto hangoji!

Tukija kwenye sheria, nyingi zipo ila hazizungumzii hasa kiti ninachokitafuta. Sheria ya tumbaku ya mwaka wa 2007 ilikataza kuvuta sigara mahali pa umma, hoteli zikiwemo. Sheria ya pombe ya mwaka wa 2010 inamkataza mwenye leseni kumruhusu mtu wa chini ya miaka 18 aingie mahali pombe inaponywewa. Hii ni nzuri, lakini katika masoko yetu bucha, choma na baa mara nyingi hutumia mlango mmoja. Basi Krismasi baba anaingia kula nyama na wenzake, mama na watoto wanabaki nje na soda. Kutii sheria hapo hakumaanishi kuwafukuza watoto. Kunamaanisha kutenganisha vyumba, au kuweka meza za choma uani chini ya mti, mbali na chupa.

Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 nayo inamtaka mwajiri atenge mahali pa mfanyakazi kunyonyesha au kukamua maziwa. Inasema mfanyakazi, haisemi mteja. Ndiyo maana watu walishtuka Mei 2018 mama mmoja alipolalamika kwamba mkahawa mmoja wa Nairobi ulimtaka ajifunike au aende kunyonyeshea chooni. Tarehe 15 mwezi huo wanawake waliandamana jijini wakiwa na watoto wao. Kwani nani hula chakula chake chooni? Huku Mwala jambo hilo lingechekesha. Mama hunyonyesha ndani ya matatu, kanisani, hata kwenye baraza la chifu, na hakuna anayemkodolea macho. Sisi shida yetu si aibu, ni nafasi ya kukaa.

Kuhusu maduka nitasema kidogo. Katika duka la zamani la kijijini peremende ziko ndani ya mitungi juu ya kaunta, na mtoto lazima amwombe mzazi, mzazi amwombe mwenye duka. Katika supamaketi mambo yamegeuzwa. Peremende na chokoleti zimepangwa chini, mahali pa kulipia, kimo cha mtoto barabara, na foleni ni ndefu. Mama ameshika mfuko wa unga na anahesabu shilingi zake kwa moyo, mtoto naye ameshaishika chokoleti na amefungua kinywa kulia. Aliyepanga vile alijua afanyalo. Uingereza waliliona jambo hili, na tangu Oktoba 2022 maduka makubwa ya huko England hayaruhusiwi kuweka vyakula vyenye sukari, mafuta au chumvi nyingi karibu na mahali pa kulipia. Labda hapa kwetu tungeanza na supamaketi kuwa na foleni moja isiyo na peremende. Mwenye kutaka chokoleti si ataenda kuitafuta?

Yule mama mwenye meza ya ukutani ana jambo jingine ambalo sikuliona kwingine. Ubaoni, chini ya muthokoi na chapati, ameandika kwa chaki "uji wa mtoto", kikombe kidogo cha plastiki kwa shilingi kumi. Uji ni wa wimbi, na huupoza kwanza ndani ya beseni la maji. Siku ya soko niliyofika kumuuliza maswali yangu ilikuwa saa nne asubuhi, na sufuria ilikuwa imekwisha.