Wezi wawili wa mnana

Kwenye matete ya Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, huishi ndege mweusi tii mwenye mdomo wa manjano na miguu myekundu. Ni jamaa ya kukuziwa. Wataalamu humwita Zapornia flavirostra, na urefu wake hauzidi sana sentimita 20. Kwenye michikichi ya Fizi huwinda kipanga wa kijivu, Polyboroides typus, mwenye urefu wa sentimita 60 na zaidi.

Kiukoo hawajuani. Wa matete yuko upande wa korongo, kipanga upande wa tai. Wanachofanana ni kwamba kila mmoja anakula kwa sababu ya miguu yake.

Miguu ya kipanga ni kioja. Kile kiungo ambacho wengi hukidhania goti, kumbe ni kifundo, hukunjika mbele na nyuma. Kwa hiyo hujishikiza kwenye gogo, akatia mguu tunduni na kupapasa hadi ashike popo, mjusi au kinda. Uso wake hauna manyoya. Ni wa manjano, na akihamaki huiva ukawa mwekundu. Tena mla nyama huyu hula chikichi! Huko Amerika ya Kusini yuko kipanga mwingine, Geranospiza caerulescens, mwenye kiungo cha namna hiyohiyo, ingawa si ndugu yake wa karibu.

Ndege wa matete amejaliwa vidole virefu. Uzito wake husambaa, akakanyaga majani ya myungiyungi bila kuzama, huku akidonoa konokono, minyoo, wadudu na vyura wadogo. Ameonekana hata akimchokoa kiboko vimelea mgongoni. Wengi wa ukoo wake ni wa kujificha. Huyu hutoka peupe mchana, na dume na jike huitikiana kwa kelele ambazo hazilingani kabisa na umbo lao.

Wanapokutana ni kwenye kiota cha mnana. Kipanga huning'inia kichwa chini, mbawa zikipigapiga, na kuchopoa makinda. Mwenzake hupanda tete kimyakimya na kula mayai. Lawama zote humwangukia kipanga, maana ndiye anayeonekana.

Matete yakifyekwa, ndege mweusi hana pa kwenda. Kipanga hapati shida hiyo: mashamba ya michikichi yanamtosha.