Je, Wajua? Logi za Seva na Malipo Yaliyokwama

Je, wajua kwamba ukilipa kwa M-Pesa kwenye tovuti ya duka la Kenyatta Avenue, Nakuru, jibu la malipo haliji kwanza kwenye skrini ya mtu yeyote? Seva ya Safaricom hulipeleka moja kwa moja kwa seva ya duka. Skripti ya PHP inayolipokea ikitumia echo kutoa ujumbe, ujumbe huo unarudi Safaricom. Fundi aliyeiandika haoni kitu. Ndiyo maana fundi makini huanza kwa kuandika kwenye faili, yaani logi, kila kilichoingia, kabla skripti haijagusa chochote.

Je, wajua kwamba jibu hilo hubeba nambari ya matokeo? 0, pesa zimeingia. 1, salio halitoshi. 1032, mteja ameghairi. 1037, simu haikupatikana. 2001, PIN si sahihi. Na hapa ndipo wengi hukwama: malipo yasipopita, ile sehemu yenye kiasi na nambari ya risiti haimo kabisa kwenye jibu. Skripti iliyojaribiwa kwa malipo yaliyopita pekee huitafuta risiti, huikosa, na kufa katikati ya kazi. Oda inabaki "inasubiri". Mteja anaapa alilipa, mwenye duka anaapa hakupokea kitu, na fundi anapigiwa simu usiku. Mstari mmoja wa logi wenye 1032 humaliza ubishi huo papo hapo.

Je, wajua kwamba PHP ina amri ya kuandika logi, error_log? Kwenye seva ya Ubuntu yenye Apache, ujumbe wake kwa kawaida huangukia /var/log/apache2/error.log. Kwa wanaokodi nafasi ndogo kwenye seva ya pamoja, mara nyingi huzaliwa faili yenye jina hilohilo, error_log, ndani ya folda ya skripti yenyewe. Andika tail -f na jina la faili, uone mistari ikiingia mmoja mmoja.

Je, wajua kwamba ujumbe wa logi una vyeo? Eric Allman alibuni syslog, mfumo wa kuandika logi, miaka ya 1980 huko Berkeley, Marekani, akiwa anatengeneza programu ya barua pepe ya Sendmail. Syslog ina ngazi 8: 0 ni dharura, 7 ni ujumbe wa kutafuta hitilafu tu.

Je, wajua kwamba malipo ya saa tatu asubuhi Naivasha yanaweza kusomeka 06:00 kwenye logi? Seva nyingi hufuata saa za UTC, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa 3. Iambie PHP itumie Africa/Nairobi. Katika hifadhidata ya saa inayotumiwa na kompyuta duniani, Kampala, Dar es Salaam, Addis Ababa na Mogadishu zote huelekezwa kwa saa ya Nairobi.

Je, wajua kwamba Ushahidi, ramani iliyozaliwa Januari 2008 wakati ghasia za baada ya uchaguzi zikiliumiza Bonde la Ufa, baadaye ilijengwa upya kwa PHP juu ya mfumo wa Kohana? Kohana huandika logi katika faili za .php zinazoanza na mstari unaoisimamisha skripti mara moja. Anayejaribu kuifungua faili hiyo kwa kivinjari haoni yaliyomo. Kwa mfumo uliopokea taarifa za watu waliokuwa hatarini, kinga hiyo ilikuwa na uzito wake.

Je, wajua kwamba nambari ya simu ya mteja iliyo kwenye logi ni data binafsi? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hutaka uvujaji wenye hatari kwa wahusika uripotiwe kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72, na faini inaweza kufika shilingi milioni 5. Nawasihi mafundi: ficheni tarakimu za katikati, na funguo za siri zisiandikwe kamwe.

Je, wajua kwamba hata kuandika logi kuliwahi kuwa mlango wa wezi? Tarehe 9 Desemba 2021, siku 8 baada ya Nakuru kupewa hadhi ya jiji, dunia ilipata habari za kasoro ya Log4j, maktaba ya logi ya lugha ya Java. Mshambuliaji alihitaji tu maneno yake yaandikwe kwenye logi, kisha akaendesha programu zake ndani ya seva. Kasoro hiyo ilipewa alama 10 kati ya 10 za hatari.

Je, wajua kwamba logi zikiachwa bila kupunguzwa hujaza diski hadi tovuti ikasimama? Matoleo ya karibuni ya Ubuntu hufungua faili mpya ya Apache kila siku na kuhifadhi 14 za zamani. Mteja akilalamika baada ya wiki tatu, mstari wake umeshafutwa, isipokuwa fundi aliongeza idadi hiyo mapema.