Maana ya "Kusawazisha" katika Mlinganyo wa Kemia

Neno "kusawazisha", litumiwapo katika kemia, lahitaji kufafanuliwa, kwani mwanafunzi aweza kudhani kwamba kila hesabu ya pande mbili za mlinganyo sharti ilingane. Sivyo. Kinachosawazishwa ni idadi ya atomi. Tuchukue mfano wa uchomaji chokaa, kazi ya kale katika pwani ya Afrika Mashariki, ambako matumbawe huchomwa:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Moli 1 upande wa kushoto yatoa moli 2 upande wa kulia. Lakini gramu 100 zabaki 100, yaani 56 za chokaa na 44 za kaboni dayoksaidi.

Je, kilo 250 za kalsiamu kaboneti safi zitatoa chokaa kiasi gani? Kwanza, uzito hugeuzwa kuwa moli: gramu 250,000 zikigawanywa kwa 100 ni moli 2,500. Pili, mlinganyo waonyesha kwamba chokaa nayo itakuwa moli 2,500. Tatu, moli hizo zikizidishwa kwa 56 ni gramu 140,000, yaani kilo 140. Kilo 110 zilizosalia hazikupotea, zimepaa hewani.

Mwalimu asemaye "kusawazisha atomi" amekwisha kuondoa utata huo. Istilahi ikieleweka, hesabu hufuata.