Namba 142,857 na Zoezi la Kusoma Tarakimu

Namba 142,857 husomwa: laki moja, arobaini na mbili elfu, mia nane hamsini na saba. Izidishe kwa 2, utapata 285,714. Kwa 3, 428,571. Kwa 4, 571,428. Kwa 5, 714,285. Kwa 6, 857,142. Tarakimu ni zile zile sita na zinafuatana vile vile. Kinachobadilika ni mahali pa kuanzia tu. Ukizidisha kwa 7 mzunguko unakatika: 999,999. Sababu ni kwamba 1 ikigawanywa kwa 7, tarakimu hizo sita hujirudia baada ya nukta bila kikomo.

Kwa mwalimu wa Kiswahili hapa pana zoezi zuri. Wanafunzi wetu wengi husema "elfu mia moja na saba". Je, ni 100,007 au 107,000? Sokoni au benki, tofauti hiyo ni fedha. Tuwazoeze kusema "laki moja na saba" kwa ya kwanza, na "laki moja na elfu saba" kwa ya pili. Kisha mmoja asome majibu matano ya hapo juu kwa sauti, mwenzake aandike ubaoni. Tarakimu zisipozunguka sawasawa, kosa litaonekana papo hapo.