Kutoka Whitton hadi wizara ya watoto: Linda Burney, waziri wa jimbo la New South Wales

Neno «waziri wa jimbo» limezoeleka kwetu tangu Katiba ya 2006, inayoruhusu kila serikali ya jimbo kuwa na mawaziri wasiozidi 10 na kutaka uwakilishi uzingatiwe katika kuwateua. Uwakilishi huo twaupima kwa kawaida kwa kuhesabu: kabila hili limepata viti vingapi, wanawake ni wangapi. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa mfano wa Australia, kwamba yafaa pia kuuliza ni ofisi gani mtu huyo amekabidhiwa.

Australia ni shirikisho, na kila jimbo lake lina bunge na mawaziri wake. Linda Burney alizaliwa mwaka 1957 katika jimbo la New South Wales. Baba yake alikuwa Mwiradjuri, yaani mmoja wa wenyeji wa asili. Mama yake alikuwa mzungu. Alilelewa katika kijiji cha Whitton na wazee wawili wa ukoo wa mama, kaka na dada, na baba yake alikuja kumjua akiwa mtu mzima. Alikuwa na miaka 10 wakati wa kura ya maoni ya Mei 1967, iliyofuta kifungu cha Katiba kilichowatenga wenyeji wa asili katika hesabu ya watu wa nchi.

Alisomea ualimu, akafundisha shule ya msingi, akatumikia kwa miaka mingi elimu ya wenyeji. Mwaka 2003 alichaguliwa kuingia bunge la jimbo, mwenyeji wa asili wa kwanza kufika humo. Mwaka 2007 akawa waziri wa haki katika biashara na wa vijana; tusikawie hapo. Septemba 2008 alikabidhiwa Huduma za Jamii, wizara yenye mamlaka ya kumwondoa mtoto katika familia yake.

Uzito wa mamlaka hayo unatokana na historia. Sheria ya 1909 ililipa nguvu Baraza la Ulinzi wa Wenyeji, na mabadiliko ya 1915 yakaliruhusu kumchukua mtoto bila kuthibitisha mbele ya hakimu kwamba ametelekezwa. Mwanaisimu hawezi kulipita neno «ulinzi» bila kusimama: anayelindwa ni mtoto, na anayelindwa naye asimfikie ni mama yake. Mwaka 1940 jina likageuzwa kuwa Baraza la Ustawi. Watoto wakaendelea kuchukuliwa, hadi baraza lilipovunjwa mwaka 1969. Februari 2008 waziri mkuu Kevin Rudd aliomba radhi bungeni kwa niaba ya taifa. Miezi saba baadaye, binti wa Mwiradjuri akakaa katika kiti hicho.

Novemba 2008 tume ya jaji James Wood ilitoa ripoti juu ya idara hiyo, iliyokuwa imezama katika wingi wa taarifa za watoto walio hatarini. Serikali ilijibu mwaka 2009 kwa mpango mpya: misaada zaidi kwa familia ipitie mashirika yasiyo ya serikali, na kuanzia Januari 2010 taarifa za lazima zihusu hatari kubwa tu. Hata hivyo watoto wa wenyeji waliendelea kuwa wengi kupita kadiri miongoni mwa walioondolewa kwao.

Wako watakaosema kwamba basi uteuzi wake haukuwa na maana. Sisi hatuoni hivyo. Idara inapomwacha mtoto anayepigwa, lawama ni ya waziri. Inapomwondoa, mkono wa Baraza la zamani unaonekana tena. Waziri mwingine angeisoma historia hiyo katika jalada, lakini Burney ni wa watu walioipata.

Chama chake kilishindwa uchaguzi wa jimbo mwaka 2011, akawa naibu kiongozi wa upinzani. Mwaka 2016 alikuwa mwanamke wa kwanza wa wenyeji wa asili kuchaguliwa katika Baraza la Wawakilishi la shirikisho, na kuanzia 2022 hadi Julai 2024 alikuwa waziri wa shirikisho wa mambo ya wenyeji.