Jinsi Nyimbo za Kale za Ayalandi Zilivyookolewa

Mwezi wa Julai mwaka 1792, wapiga vinubi kumi walikusanyika katika mji wa Belfast, ulioko upande wa kaskazini wa kisiwa cha Ayalandi. Walikuwa wameitwa kwa tangazo, ya kuwa kila mpiga kinubi ajuaye tuni za kale na aje azipige mbele ya watu, naye atapewa zawadi ya fedha. Iliitwa nchi nzima, wakaja kumi tu, pamoja na mgeni mmoja aliyetoka Wales. Sita katika hao kumi walikuwa vipofu. Mmoja wao, jina lake Denis Hempson, alisemekana kuwa na umri wa miaka 97. Huyo hakupiga nyuzi kwa ncha za vidole kama wenzake, bali kwa kucha ndefu, kama walivyopiga watu wa zamani, na nyuzi za kinubi chake zilikuwa za waya.

Yafaa kueleza kwa nini walikuwa wachache namna ile. Hapo kale kila mkuu wa nchi ya Ayalandi alikuwa na mpiga kinubi wake nyumbani, akamlisha, akamvika, akampa ardhi. Mpiga kinubi aliketi karibu na mkuu wakati wa karamu, na heshima yake ilikuwa kubwa. Lakini Waingereza walipoishinda nchi, wakuu wa kaskazini walikimbia mwaka 1607, wakavuka bahari kwenda Ulaya, wala hawakurudi. Mashamba yao wakapewa watu wengine, ambao hawakujua lugha ya Kiairishi wala hawakuzijali nyimbo zake. Basi wapiga vinubi wakabaki bila bwana wa kuwatunza, wakawa wakienda nyumba kwa nyumba, leo hapa kesho pale, wakipiga kwa chakula na malazi. Aliyesifika kupita wote katika hao alikuwa Turlough O'Carolan, aliyezaliwa mwaka 1670. Alipokuwa kijana alishikwa na ndui, akapofuka macho. Bibi mmoja mwenye huruma akamtafutia mwalimu wa kinubi, na baadaye akampa farasi na mtu wa kumwongoza njia. O'Carolan akazunguka nchi hata kufa kwake mwaka 1738, akitunga tuni kwa kila nyumba iliyomkaribisha vema.

Katika wasikilizaji wa Belfast alikuwako kijana wa miaka 19, jina lake Edward Bunting, mpiga kinanda wa kanisa. Wakuu wa shughuli ile walimwajiri aziandike tuni zote kwa noti, wakamwonya asiongeze hata noti moja ya kwake. Msomaji aliyejifunza kuimba kwa do, re, mi atafahamu jinsi kazi hiyo ilivyo ngumu: tuni inapita upesi kama ndege, na mwandishi hana budi kuishika kwa kalamu kabla haijatoweka. Bunting aliipenda kazi ile kuliko nyingine zote, akaifanya karibu maisha yake yote. Alitoa kitabu cha kwanza mwaka 1796, cha pili mwaka 1809, na cha tatu mwaka 1840. Bila yeye, tuni nyingi za wazee wale zingalizikwa pamoja nao.

Walakini kazi yake ilikuwa na upungufu. Bunting aliandika tuni, asiandike maneno, kwa kuwa hakuijua lugha ya Kiairishi. Naye alitambua kasoro hiyo, kwa maana mwaka 1802 mwalimu mmoja aliyeitwa Patrick Lynch alitumwa kwenda Connacht, upande wa magharibi, kuyakusanya maneno kutoka vinywani mwa watu. Lynch akatembea, akaandika mengi. Lakini kitabu cha mwaka 1809 kilipotoka, kilikuwa na maneno ya Kiingereza, na karatasi za Lynch zikakaa sandukuni kwa miaka mia hata zilipopatikana tena. Wimbo ni tuni pamoja na maneno, na anayechukua kimoja na kuacha cha pili amechukua nusu.

Nusu hiyo ndiyo aliyoipata Thomas Moore wa Dublin. Tangu mwaka 1808 alianza kutoa vitabu vya nyimbo, akitwaa tuni za kale, nyingine kutoka katika kitabu cha Bunting, akazitungia mashairi yake mwenyewe kwa Kiingereza. Vitabu hivyo vilipendwa mno. Mabibi wa London waliziimba nyimbo zake kando ya kinanda, na habari zake zikaenea Ulaya yote. Bunting hakupendezwa, akaona kwamba Moore amezigeuza tuni zifuate mashairi. Huenda alikuwa na haki. Lakini ni kweli pia kwamba Moore aliwafanya watu wa mbali waisikie Ayalandi, walipokuwa hawajasikia kitu chochote chake ila habari za vita na umaskini.

Wakati huo lugha yenyewe ilikuwa ikirudi nyuma. Mwaka 1831 serikali ilianzisha shule za watu wote, na mafundisho yakawa kwa Kiingereza. Katika sehemu nyingine mtoto alivikwa kijiti shingoni, na kila aliposema neno la Kiairishi kijiti kilitiwa alama moja. Jioni mwalimu alihesabu alama, akampiga kwa hesabu hiyo. Wala si mwalimu tu aliyetaka hivyo. Wazazi wengi walikubaliana naye, kwa sababu waliona kwamba kazi na safari za ng'ambo zahitaji Kiingereza. Hawakuwa watu wabaya. Waliwatakia watoto wao riziki.

Ndipo ikaja njaa kuu. Watu maskini wa Ayalandi walikula viazi karibu siku zote, na mwaka 1845 viazi vilishikwa na ugonjwa, vikaoza mashambani. Taabu hiyo ilidumu miaka kadhaa. Watu wapata milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine zaidi ya milioni moja walipanda merikebu kwenda Marekani na nchi nyingine. Mwaka 1841 wenyeji walikuwa zaidi ya milioni 8. Mwaka 1851 walikuwa milioni 6 na nusu tu. Walioumia zaidi ni watu wa magharibi, ndio hasa waliokuwa wakisema Kiairishi na kuimba kwa Kiairishi. George Petrie, mchoraji wa picha aliyekusanya tuni tangu ujana wake, alitoa kitabu chake mwaka 1855, akaeleza humo kwamba nchi iliyokuwa ya nyimbo imenyamaza. Mahali ambapo mkulima aliimba nyuma ya plau na mwanamke aliimba akikamua ng'ombe, msafiri alipita asisikie sauti.

Mtu aliyeanza kuigeuza hali hiyo alikuwa Douglas Hyde, mwana wa kasisi wa Kiprotestanti. Nyumbani kwao walisema Kiingereza, lakini yeye alijifunza Kiairishi tangu utoto kwa kukaa na wakulima na wafanya kazi wa jirani. Mwaka 1893 alitoa kitabu cha nyimbo za mapenzi za Connacht, Kiairishi upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Na mwaka uo huo yeye na wenzake waliunda chama cha kuirudisha lugha. Wanachama wakafungua madarasa ya jioni katika miji na vijiji, wakafanya mashindano ya kuimba na kusimulia hadithi. Mzee wa kijijini, aliyekuwa akionea haya nyimbo zake, akaona wasomi wa mjini wanakuja kumwomba awafundishe. Hyde aliishi kuona mengi: mwaka 1938 alifanywa Rais wa kwanza wa Ayalandi.

Lakini hazina kubwa kupita zote ya tuni za ngoma ilikusanywa ng'ambo ya bahari, tena na askari polisi. Francis O'Neill alizaliwa mwaka 1848 karibu na Bantry, kusini mwa Ayalandi, katika nyumba ya watu wapendao nyimbo. Alipokuwa na miaka 16 alitoroka akawa baharia. Merikebu yake ikavunjika katika bahari ya Pasifiki, na mabaharia wakaokolewa na merikebu nyingine iliyokuwa na chakula kidogo. Ndani yake palikuwa na baharia wa Hawaii mwenye filimbi nzuri. O'Neill akaiazima, akapiga tuni ya kwao. Yule mtu akafurahi hata akawa akimgawia chakula chake kila siku. Wenzake walishuka pwani wamekonda, yeye ana nguvu.

Baadaye O'Neill alikaa Chicago, akaingia polisi mwaka 1873, na mwaka 1901 akawa mkuu wa polisi wa mji ule wote. Chicago ilijaa watu wa Ayalandi waliotoka kila wilaya, kila mmoja na tuni za kijijini kwake. O'Neill hakujua kuandika noti, ila masikio yake hayakusahau. Basi alikuwa akisikia tuni, kisha humwendea askari mwenzake, James O'Neill, ambaye hakuwa ndugu yake ingawa majina yao ni mamoja. Francis hupiga filimbi au huimba kwa mdomo, na James huandika. Watu walisema kwa mzaha kwamba mpiga fidla hodari hakukosa kazi ya polisi Chicago zamani zile. Mwaka 1903 kitabu chao kilitoka, chenye tuni 1,850. 

Kisha zikaja sahani za santuri. Michael Coleman, mpiga fidla wa Sligo, alihamia New York mwaka 1914, na tangu mwaka 1921 fidla yake ilitiwa katika sahani. Wahamiaji walizituma nyumbani kama zawadi, na watu walikusanyika usiku katika nyumba yenye santuri, wakairudia sahani moja hata wakaijua. Sanaa ikainuka. Lakini vijana wengi wakaacha namna ya kijijini kwao, wakamwiga Coleman, hata mpiga fidla wa kusini akapiga kama mtu wa Sligo. Hivyo chombo kilichohifadhi namna moja kilizififisha nyingine.

Mwaka 1935 serikali ya Ayalandi iliunda halmashauri ya kukusanya hadithi na desturi za watu. Mwaka huo huo ilitungwa sheria kwamba ngoma za watu wote zisichezwe pasipo kibali, na mapadre wengi waliikaza. Nia yao ilikuwa kulinda adabu, lakini ngoma za nyumbani, ambazo hazikumdhuru mtu, zikapungua pamoja na zile za mjini. Kwa hiyo serikali ilikusanya kwa mkono mmoja na kutawanya kwa mkono wa pili.

Katika watumishi wa halmashauri hiyo, wa nyimbo alikuwa Séamus Ennis, aliyeanza kazi mwaka 1942. Ilikuwa wakati wa vita, na petroli ilikuwa haba, basi akaenda kwa baiskeli katika njia za mawe na mvua za magharibi, na daftari mfukoni. Ennis mwenyewe alikuwa hodari wa kupiga zumari la Kiairishi, ambalo lina mfuko wa upepo unaokandamizwa kwa kiwiko. Akifika nyumbani kwa mtu hakuanza kwa kuuliza. Alianza kwa kupiga. Mwenye nyumba akiisha kusikia, hujua kwamba mgeni si karani wa serikali tu, akafungua kinywa. Kule Glinsce, katika Connemara, alimkuta mkulima na mvuvi aliyeitwa Colm Ó Caodháin. Wakawa marafiki, na Ennis akarudi kwake mara nyingi, akaandika kwake peke yake nyimbo zaidi ya 200, tuni na maneno pamoja. Kazi ambayo Bunting aliitimiza nusu sasa ilitimizwa yote na mtu mmoja, maana Ennis alijua noti na lugha pia.

Tangu hapo mambo yalikwenda upesi. Mwaka 1951 wapigaji walikutana Mullingar wakaunda chama chao, na sikukuu waliyoianzisha hufanywa kila mwaka, ikahudhuriwa na umati mkubwa. Katika mji mdogo wa Keady alikuwako mama aitwaye Sarah Makem, aliyefanya kazi katika kiwanda cha kitani, naye alijua nyimbo mamia. Mwanawe Tommy alizichukua moyoni alipohamia Marekani mwaka 1955, akaungana na ndugu watatu wa ukoo wa Clancy. Mama yao wa kina Clancy, akihofia baridi ya New York, aliwapelekea fulana nzito za sufu nyeupe, wakazivaa jukwaani. Mwaka 1961 walionekana katika televisheni na mamilioni ya watu wa Marekani. Na vijana wa Dublin, waliokuwa wakizidharau nyimbo za bibi zao, wakaanza kuzitaka baada ya kusikia kwamba New York inazipigia makofi. Jambo hili linachekesha kidogo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Ndipo Seán Ó Riada akawaketisha wapigaji wa kijijini mbele ya watu kwa heshima ya ukumbi, na katika wenzake wengine waliunda kundi la Chieftains mwaka 1962, lililozunguka dunia.

Zumari lile la kiwiko lilikuwa karibu kufa. Chama cha wapigaji wake kilipoundwa mwaka 1968 walikuwa wachache mno; mwaka 2017 shirika la Umoja wa Mataifa la elimu na utamaduni liliitia sanaa yao katika orodha ya urithi wa wanadamu, na mwaka 2019 likatia na kinubi. Lugha haikupata bahati iyo hiyo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022, walioandikwa kuwa wanajua Kiairishi walizidi milioni 1.8, lakini waliosema kwamba wanaitumia kila siku nje ya shule walikuwa 72,000 hivi.

Kati ya hao wako waimbaji wa namna ya kale, ambao huimba peke yao bila kinubi wala fidla. Mwimbaji hukaa miongoni mwa watu, akafumba macho. Mara nyingine aliye karibu humshika mkono na kuuzungusha polepole kwa kadiri ya wimbo, ili asiwe peke yake katika huzuni anayoiimba. Ufikapo mwisho, mara nyingi haimbi maneno ya mwisho, bali huyasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu amalizaye habari, kisha mazungumzo huendelea.